Tua ya siku mbili kwa majogi wa Gorakhpur: mwongozaji nyota tano, pakeji yenyewe nyota mbili

Naanza na bei maana najua ndo mtakachoniuliza mwanzo: rupia 6,500 kwa kichwa, siku mbili usiku mmoja, kwa hela ya nyumbani inakaribia laki mbili. Ndani yake mna gari la kukupokea stesheni, gesti, milo, mwongozaji anayejua Kiingereza, na lile lililonivuta mimi hasa, wameliandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo lao, "asubuhi moja ya yoga halisi na jogi wa ukoo wa Gorakhnath". Jogi ni mtawa wa yoga, na Gorakhnath ndiye jogi wa kale aliyeupa jina mji wa Gorakhpur, huku kaskazini mwa India. Tiketi ya treni unajitegemea. Kampuni siitaji jina, sitaki kesi ugenini mie, ni kaofisi hapa Lucknow juu ya fundi simu, vijana wawili wana maneno matamu balaa. Mi nasoma hapa mwaka wa pili sasa, kwetu Tanga, Makorora, na niliyeenda naye ni jamaa wa Mombasa tunakaa chumba kimoja, kwahiyo haya yote tumeyaona wawili, mmoja akisahau mwingine anakumbusha.

Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: mwongozaji nyota tano, hekalu nyota tano, gesti nyota mbili, na hiyo "yoga halisi" sijui niipe nini, labda nusu nyota kwa sababu mkeka ulikuwa msafi.

Tulienda katikati ya Januari makusudi, wakati wa Makar Sankranti, siku ambayo kwa hesabu zao jua linaingia nyota ya mbuzi, inaangukia tarehe 14 au 15, na pale Gorakhpur ndo siku kubwa kuliko zote, watu wanamiminika hekaluni na mchele na dengu. Ila Januari huku kaskazini ina ukungu jamani, sio ule wa Lushoto unaoshuka asubuhi ukapanda saa nne, huu unakaa kutwa kama mtu kafunika mji na shuka. Treni ya saa kumi na mbili asubuhi iliyotakiwa ifike kabla ya adhuhuri tumeshuka saa kumi jioni, miguu imekufa ganzi, tumekunywa chai za vikombe vya udongo mpaka tumbo linabwabwaja.

Sasa kituko cha kwanza cha kampuni. Meseji yao inasema "tutakutana platfomu ya kwanza". Basi. Platfomu ya kwanza! Kumbe ile platfomu ya Gorakhpur ina urefu wa mita 1,366, ilikuwa ndefu kuliko zote duniani mpaka 2023 walipofungua ya Hubballi kule Karnataka, yaani mtu anakwambia tukutane barabara ya kwanza Tanga mjini bila kukwambia kona gani. Tukaburuza mabegi kilomita nzima na ushee, jamaa wa Mombasa analaumu kila hatua, "si nilikwambia, si nilikwambia", mpaka tukamuona mzee mmoja amekaa juu ya gunia la mtu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, kashika karatasi yenye majina yetu yamekosewa yote mawili. Katusubiri tangu saa tano. Hakununa hata kidogo.

Huyo ndo mwongozaji. Mwalimu mstaafu wa historia, miaka sitini na kitu, mzaliwa wa hapohapo. Nyumbani watu wa kazi hii wanaitwa tua gaidi na jina hilo kwa Kiswahili limekaa vibaya, kwahiyo sisi tukamwita Mwalimu tu, yeye akatuita beta, yaani mwanangu, na mpaka tunaachana ndo ilikuwa hivyo. Akatuuliza kwenu wapi, jamaa yangu akasema Mombasa, mi nikasema Tanga, mzee akasimama. Tanga ya nyuki? Nikasema ndiyo hiyohiyo. Tukaanza safari kwa kuchekana.

Maana iko hivi, na hili sikulijua mpaka siku hiyo. Sisi Tanga tumekua na hadithi ya vita ya Novemba 1914, Waingereza wameshusha jeshi kutoka India, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck wamewafurusha, na nyuki wakaingilia ugomvi. Katika walioshuka siku ile walikuwemo Magurkha wa kikosi cha Kashmir, ni miongoni mwa wachache waliofika mpaka mjini wakashika nyumba ya forodha. Sasa hilo jina Gurkha limetoka mji wa Gorkha kule Nepal, walikoanzia wafalme wa ukoo wa Shah kuiunganisha nchi yao karne ya 18, na Gorkha imepata jina kwa Gorakhnath, huyuhuyu mwenye Gorakhpur. Yaani jina la fakiri mmoja aliyekuwa anajipaka jivu limefika ufukweni kwetu likiwa na bunduki. Nilikaa kimya kidogo kwenye gari.

Hekalu tumelifika kesho yake alfajiri kwa sababu ya kuchelewa, siku ya kwanza yote ikawa imeliwa na ukungu. Na hapa sina lawama kwa mtu. Lile eneo ni kubwa, hekari hamsini na kitu, jengo jeupe la marumaru, bustani, bwawa ambalo pembeni yake kuna sanamu la jitu limelala chali, wanasema ni Bhima, shujaa mwenye nguvu wa hadithi zao, alikuja kumualika Gorakhnath kwenye sherehe akamkuta yuko kwenye tafakuri, akajilaza kusubiri, kwa uzito wake ardhi ikatitia ndo likawa bwawa. Ndani kuna taa ya samli wanayoamini haijazimika tangu zama hizo za hadithi, na mahali pengine moto wa kuni usiozimwa, unaitwa dhuni, nitaurudia huo.

Foleni ya khichdi ilikuwa mwanaume mwanamke mtoto, wengine wametoka Bihar, wengine wamevuka mpaka kutoka Nepal, kila mtu na kifurushi. Hiyo khichdi mnaijua, wali wa kuchanganya na dengu au choroko, ila pale wanapeleka mbichi, wanarusha mchele na dengu mbele ya Gorakhnath mpaka sakafu imegeuka ghala la mahindi vile, watu wa hekalu wanazoa kwa majembe ya mbao. Kisa chake kama Mwalimu alivyotupa: Gorakhnath alifika kwa mungu wa kike Jwala Devi, kule Kangra milimani, akakaribishwa chakula. Akasema mi nala cha kuombaomba tu, wewe bandika maji, niende nikaombe mchele na dengu nirudi. Akaja mpaka huku, akakaa kwenye tafakuri, watu wakamjazia bakuli halijai. Hakurudi tena. Maji kule Kangra wanasema mpaka leo yanatokota yakimsubiri. Jamaa yangu kamaliza kusikia akasema huyu ni kama baba yangu mdogo, alitoka kwenda kununua mkate.

Kila mwaka inaletwa pia khichdi kutoka familia ya kifalme ya Nepal, na ufalme wenyewe ulifutwa 2008, lakini kifurushi bado kinakuja.

Ulinzi ni mkali, jiandaeni. Mkuu wa hekalu, wanamwita mahant, ndiye Yogi Adityanath, waziri mkuu wa jimbo zima la Uttar Pradesh tangu Machi 2017, jimbo lenye watu zaidi ya milioni 200, yaani chukua Tanzania nzima zidisha mara tatu na bado. Alirithi kiti 2014 alipofariki guru wake Avaidyanath, na Avaidyanath alirithi kwa Digvijaynath, na hapa sio baba kwa mwana, ni mwalimu kwa mwanafunzi, maana wenye kiti hawaoi. Siasa zake sizigusi hapa, humu sio mahali pake, ila ujue tu ukienda siku ya sikukuu unakaguliwa mara tatu na pauabenki utaambiwa uiache nje, tuliacha kwa muuza maua, tukamlipa rupia ishirini, alitutunzia vizuri.

Sasa nifike kwenye masikio, maana ndo kiini cha safari yote.

Hawa majogi watu huku wanawaita Kanphata, maana yake waliopasuliwa masikio. Usifikirie kutoboa ndewe kama bibi zetu, wala kule kutanua ndewe kwa Wamasai. Wanapasua gegedu lenyewe, katikati ya sikio pale penye bonde, kwa kisu chenye makali pande zote mbili. Mwalimu alitupeleka kwenye kibanda cha nyuma ambako kulikuwa na babu mmoja kakaa mbele ya dhuni, akatufundisha njiani: ukiingia usiseme namaste, sema "Adesh", na yeye atakujibu "Adesh". Maana yake amri. Hakuna marahaba kwenye salamu yao, mkubwa na mdogo wote neno lilelile. Jamaa yangu kwa kihoro akaingia akasema namaste, babu akacheka mpaka akakohoa.

Mimi nilikaa upande wake wa kulia kwahiyo sikio nililiona kwa karibu kabisa, karibu kuliko adabu inavyoruhusu. Tundu limepita wima, ngozi ya pembeni imekomaa inang'aa kama ukingo wa sahani ya zamani, na ndani yake limepita lipete la duara nene kama mpini wa kikombe cha chai, jeusi. Anapogeuka kuchochea kuni lile pete linasogea taratibu na sikio zima linafuata. Nikamuuliza Mwalimu limetengenezwa na nini, akasema siku hizi ni kioo au jiwe au hata plastiki, zamani kilichoheshimiwa ni pembe ya kifaru. Na kidonda kibichi hawaweki pete hapohapo, wanaingiza kijiti cha mwarobaini mpaka kipone. Mwarobaini! Nimesafiri bahari nzima nikakutane na mti wa uani kwa bibi.

Babu akaeleza, Mwalimu akawa anatafsiri na mimi nafupisha. Ukiingia kwao kwanza unanyolewa, unapewa guru, unaitwa aughar, unavaa ule uzi mweusi wa sufu shingoni unaoning'inia kipenga kidogo cha pembe. Hicho kipenga ndo saa yao na adhana yao, kinapulizwa kabla ya ibada, kabla ya kula, na mbele ya guru. Unakaa hivyo unapimwa, inaweza kuwa miaka, wengine wanabaki aughar maisha yote. Ukionekana umeiva ndo unapelekwa kisuni, na ukishapasuliwa unaitwa darshani, umekamilika. Kwanini sikio? Wanasema pale pana mshipa, sio wa damu, mshipa wa pumzi na nguvu, ukifunguliwa njia za yoga zinafunguka. Mi kwa akili yangu nikaona hili ni jando tu. Kuna ngariba, kuna kukaa ndani mpaka upone, kuna mambo huambiwi kabla, na ukitoka sio yule aliyeingia. Mwalimu akaongeza kwamba enzi hizo aliyechanika sikio mpaka pete ikatoka nje alipoteza nafasi yake kwa wenzake, na ndo maana ukitazama picha za zamani wanalala kwa uangalifu, hapo mwisho nadhani alikuwa ananitania.

Pete lenyewe halikumzuia babu kuwa mcheshi. Akatuhadithia Matsyendra, guru wa Gorakhnath, ambaye jina lake ni bwana wa samaki: alimezwa na samaki mkubwa, na yule samaki akawa karibu na ufuko ambapo mungu wao Shiva alikuwa anamfundisha mkewe siri ya yoga, mke akasinzia, Matsyendra tumboni akasikiliza darasa lote. Nikasema sisi tunaye Nabii Yunus lakini yeye alikuwa anaomba toba. Babu akataka kujua alikaa siku ngapi.

Halafu ile ya nchi ya wanawake. Matsyendra huyohuyo, na ujogi wake wote, akanasa kwenye ufalme wa wanawake watupu, kaoa malkia, kasahau kila kitu, kanona. Wanaume hawaruhusiwi kuingia, basi Gorakhnath mwanafunzi wake akajivika nguo za mcheza ngoma wa kike akaingia ikulu na ngoma, na ngoma ikawa inalia maneno: "Jaag Machhindar, Gorakh aaya", amka Machhindar, yaani Matsyendra, Gorakh amekuja. Babu alikuwa anaipiga hiyo kwenye goti lake kwa kiganja, taratibu mwanzo, halafu inakaza, jivu la dhuni linaruka kidogo kila akipiga. Nikasahau kupiga picha na nashukuru.

Wanahistoria wenyewe wanamuweka Gorakhnath karne ya 11 au 12 hivi, wafuasi wanasema yeye hana umri. Mwalimu aliyasema yote mawili kwa sauti ileile, hakuchagua upande mbele ya babu, hapo ndo nilimpa nyota ya tano kimoyomoyo.

Babu huyo pia alitembea 2015 msafara wao wanaouita jhundi. Kila miaka kumi na miwili majogi wanaanza Trimbakeshwar karibu na Nashik wakati wa Kumbh Mela, ule mkusanyiko mkubwa wa mahujaji, wanashuka kwa miguu mpaka Kadri, Mangalore, kusini kabisa pwani, wanatumia miezi kama sita, na wakifika wanamsimika mkuu mpya wa ile nyumba ya Kadri atakayekaa miaka kumi na miwili mingine. Ushahidi wake ulikuwa nyayo. Kazinyanyua mbele ya moto tukaona, zina nyufa unaweza kuchomeka shilingi. Anasema wa mara ijayo hataweza, magoti.

Na wakifa hawachomwi. Wahindu wengi tunajua ni moto, jogi wa Nath, yaani hawa wa Gorakhnath, anazikwa, amekaa kitako miguu imekunjwa kama yuko kwenye tafakuri, juu wanajenga kitu kama kaburi, wanaita samadhi. Tuliona za wakuu waliopita mlemle ndani.

Tulikaa pale kama saa na nusu. Haikuwa kwenye ratiba ya kampuni. Ratiba inasema "kupiga picha na sadhu, dakika 20", sadhu ni mtawa kama babu yule.

Chakula: mchana tulikula khichdi ya bure ya hekalu, imepikwa laini na achari ya embe pembeni, mnakaa chini mstari mmoja na hakuna aliyetuuliza dini wala kabila. Asubuhi Mwalimu alitununulia kwa hela yake kifungua kinywa cha sikukuu, mtindi, sukari guru, na chura, sasa chura ya huku sio yule wa bwawani, ni mchele wa kupondwa ukabapa, yaani pepeta! Pepeta yetu kabisa, mi sijaila tangu nitoke nyumbani, na ladu za ufuta juu yake. Chakula cha gesti kwa upande wake kilikuwa viazi, usiku viazi, asubuhi viazi. Blanketi moja kwa baridi ya nyuzi saba nane, maji ya moto yanakuja kwenye ndoo ukipiga simu mara nne. Nyota mbili nimekuwa muungwana, moja ni ya yule kijana wa mapokezi aliyetuazima hita yake.

Haya, yoga halisi. Kwa vile siku ya kwanza ililiwa na ukungu, waliihamishia siku ya tatu, ya kurudi, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, juu ya dari ya gesti, ukungu mpaka simuoni jamaa yangu. Tunasubiri jogi. Inakuja pikipiki, anashuka kijana wa miaka ishirini na tano, tracksuti ya bluu, spika ya bluetooth mkononi, masikio mazima kama yangu. Akaweka muziki wa filimbi. Akatupeleka mbio mbio, nyoosha, inama, salamu ya jua, jipinde, saa nzima, tumetoka jasho kwenye baridi ile. Nikamuuliza kwa heshima, kaka wewe ni jogi wa hapa? Akashangaa yeye. Ana diploma, anafundisha jimu ya karibu na stesheni, kampuni humlipa rupia mia tatu kila wakija wageni, wala hajui wameandika nini kwenye tangazo. Hana kosa masikini, ni mwalimu mzuri tu wa viungo, mgongo wangu umepona. Lakini nililipia kitu kingine.

Mwalimu alipokuja kutuchukua nikamlalamikia yeye kwa kuwa ndo alikuwepo. Akasema beta, ulitegemea yule babu aje na mkeka? Halafu njia nzima akatueleza. Hii hatha yoga, yoga ya mikao na pumzi, ina kitabu chake mashuhuri, Hatha Pradipika cha Svatmarama, karne ya 15, na humo mabwana wanaotajwa kati ya wa mwanzo ni haohao Matsyendra na Goraksha, yaani Gorakhnath. Mikao inayoelezwa mle ni 15 tu. Kumi na tano! Kijana wa tracksuti katupa zaidi ya hiyo kabla jua halijatoka. Kilichobaki kwenye kitabu ni pumzi, kuibana, kuifunga, kuipandisha, na kusafisha mwili kwa njia ambazo jimu hazipo: kumeza kitambaa chenye upana wa vidole vinne na urefu wa dhiraa kumi na tano halafu unakivuta kirudi, kupitisha uzi puani utokee mdomoni. Na kuna ule wa ulimi, unakata kile kinyama kinachoshika ulimi kwa chini, upana wa unywele, kila siku saba, miezi sita, mpaka ulimi ukunjike nyuma uingie juu ya koo. Jamaa yangu akafunga mdomo kwa mkono. Mikao mingi inayofundishwa leo, Mwalimu anasema, imekuzwa karne ya 20, sana sana kule Mysore kwa mwalimu mmoja wa yoga, Krishnamacharya, miaka ya 1930. Sio uongo, ila ni mjukuu, sio babu. Kichekesho ni kwamba ule mkao wa kujipinda kiuno uliotutoa machozi asubuhi, ardha matsyendrasana, umebeba jina la yule bwana wa samaki, kwahiyo kidogo tulimpata.

Na kama unadhani watu wa kwetu ndo wa kwanza kuduwaa kwa majogi, Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, alipokwenda India akamuona jogi mbele ya Sultani wa Delhi anapaa hewani hali amekaa kitako, na mwenyewe anasimulia alizimia kwa hofu mpaka akanyweshwa dawa. Mwalimu alituhadithia hilo tukiwa foleni ya chai. Mi sijaona mtu anapaa. Nimeona nyayo.

Kitu cha mwisho alichotuonyesha, tena tulimuomba tu atuzungushe kwenye maonyesho ya sikukuu kabla ya treni, ni mzee wa sarangi, kile chombo kama fidla kinachopigwa kimesimama. Nguo zake za rangi ya zafarani, anaimba habari za mfalme Bharthari aliyeacha kiti na mke akawa mwanafunzi wa Gorakhnath, sauti imekwaruza lakini inashika. Alipomaliza akatuangalia, akaona kofia ya jamaa yangu, akasema asalaam alaikum. Kumbe kuna majogi Waislamu maeneo haya, familia zao tangu enzi na enzi zinapita vijijini zinaimba hadithi za Gorakhnath wakiwa na swala zao, na zinapungua, wanawe yeye wako Mumbai kwenye ujenzi. Tulimpa rupia mia, akatuimbia beti nyingine. Hiyo pia haikuwa kwenye pakeji.

Kwahiyo ushauri. Tua yenyewe nenda, lakini waandikie wazi kwamba unataka yule mwalimu mstaafu, sio kijana mwingine, na waambie waitoe hiyo yoga wapunguze bei, ukibana wanapunguza. Nenda na sweta mbili na soksi za kukwea nazo hekaluni, viatu vinavuliwa na marumaru ile ya Januari inauma mpaka mfupani. Dada zangu, tuliwaona wanawake wengi tu wamekuja wenyewe, vaeni la kufunika mabega, hamna shida. Picha za ndani hawataki. Pembezoni mwa maonyesho utaona masadhu wanavuta chilamu, kiko cha bangi, ukikaribishwa kataa kwa kuweka mkono kifuani, wanaelewa. Na usimshike jogi pete, jamaa wa Mombasa alinyoosha kidole nikampiga kofi la mkono.

Kampuni niliwafuata ofisini wiki ile ile. Jibu la kwanza, "yoga is yoga, boss". Nikawaonyesha tangazo lao wenyewe kwenye simu. Baada ya meseji kumi na moja WhatsApp wamenirudishia rupia 500, jamaa yangu hajarudishiwa hata senti kwa sababu alishawapa nyota tano siku ya kwanza kabla hata hatujatoka stesheni.

Treni ya kurudi ilichelewa masaa manne.